Mdakaji wa Ng'ambo ya Uzio

Siku ya kwanza nilikwenda kumtukana. Nilikuwa nimetoka shifti, nimewaogesha wazee wa watu Sugar Land tangu alfajiri, nimerudi Missouri City, pembezoni mwa Houston, nimemlaza mwanangu kwa mbinde, na kabla sijavua hata sare, upande wa pili wa uzio kukaanza: pa! Kimya. Pa! Kimya. Kama mtu anayemzaba kofi mtu asiyelia. Nikajifunga kanga kiunoni juu ya sare, nikaenda kugonga mlango wa garaji yake kwa ngumi.

Mlango ukapanda polepole. Nikaona ndala, nikaona magoti, halafu mzee mzima amechutama kwenye saruji, kavaa glavu kubwa ya ngozi mkono wa kushoto, wa kulia kashika nyundo ya mbao. Alikuwa anaipiga glavu tumboni ili ilainike.

"Una wazimu?" nikamwambia kwa Kiswahili, maana hasira yangu haijui lugha nyingine. "Mtoto kalala!"

Akasimama, akainama mbele yangu mpaka nikauona utosi wake. Akaiweka nyundo chini kama anaweka yai. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza kibovu kuliko changu, mtoto huwa anaamka saa ngapi. Nikamwonyesha kwenye simu: saa tisa. Kwa miaka mitatu iliyofuata sikuisikia ile nyundo kabla ya saa tisa mchana. Ikifika saa tisa na dakika moja, pa.

Mimi nilimwita Mdakaji. Jina lake nalijua, ila hilo ni lake.

Kwa asiyejua besiboli, na mimi nilikuwa sijui: kuna mtu anarusha mpira kwa nguvu zote, na kuna mtu kashika gongo anataka kuupiga. Nyuma ya mwenye gongo kuna wa tatu, amechutama, kajifunika uso kwa chuma kama fundi wa kuchomelea. Kazi yake ni kudaka kila ambacho mwenzake amekikosa. Huyo ndiye mdakaji. Huyu wangu aliifanya kazi hiyo Japani miaka kumi na tisa, kwa kulipwa, na katika miaka hiyo aliingia uwanja mkubwa mbele ya watu mara chache mno. Aliweza kuzisimulia zote kwa chai moja. Miaka iliyobaki aliimaliza pembeni, kwenye kiuwanja kidogo ambako warushaji hupasha misuli kabla ya kuitwa. Wao wanaitwa, wanakwenda kushangiliwa. Yeye anabaki, anamsubiri mwingine.

Texas aliletwa na mrushaji mmoja wa kwao. Timu ya huku ilimtaka, naye akasema haji bila mdakaji wake. Baada ya misimu miwili mrushaji akarudi kwao, Mdakaji akabaki, kama sufuria iliyosahaulika kwa jirani baada ya shughuli. Binti yake alikuwa shuleni huku, mkewe akazikwa huku. Akawa anatengeneza glavu za watoto wa Sugar Land zilizokatika kamba.

Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa kama tangawizi. Kila kimoja kilivunjika kivyake na kuunga kivyake, na kidole cha shahada kilielekea mashariki hata kama yeye mwenyewe anakuelekeza kaskazini. Mara ya kwanza kumuuliza duka la nyama halali liko wapi, akaninyooshea kidole, nikapotea nusu saa.

Lakini kuchutama! Wazungu wa mtaani walisimama kumtazama. Mtu wa miaka sabini na kitu, visigino vyote chini, makalio karibu yaguse nyasi, na anaweza kukaa hivyo saa nzima anakunywa chai. Nilimwambia, "Kwetu Tanga anayekaa hivyo ni mwanamke anayepuliza jiko, au mtu aliye chooni." Nikadhani atakasirika. Akacheka mpaka akakaa chini kabisa.

"Mwanamke, ndiyo," akasema. "Kwetu mdakaji anaitwa mke."

"Mke wa nani?"

"Wa mrushaji. Anamjua tumbo, anamjua usingizi. Mrushaji akishinda, watu wanampiga picha. Akishindwa, wanamuuliza mke."

Wakati ule mume wangu alikuwa bado yuko nyumbani, siku mbili kwa wiki, siku tano yuko barabarani na lori kati ya Houston na Fort Worth. Nikasema moyoni, huyu mzee ananijua mimi au anajijua yeye?

Nilimfundisha shikamoo. Tusidanganyane, nilimfundisha kwa sababu mwanangu Zai alikuwa amegoma kuisema, anajibu kila kitu kwa Kiingereza cha shule, nikataka kumtia aibu. Yule mzee akaisema vizuri kuliko mtoto niliyemzaa, irabu zote mahali pake. Tatizo aliipenda sana, akawa ananiamkia mimi. Namwambia, "Wewe ndiye mkubwa, mimi ndiye nikuamkie, wewe useme marahaba." Anasema sawa. Kesho yake asubuhi kichwa kinachomoza juu ya uzio: "Shikamoo, Mama Zai!" Mwishowe nikachoka, nikaitikia marahaba kama bibi.

Neno lake jingine lilikuwa la kazi. Kwao mrushaji akirusha, mdakaji anamwitikia kwa Kiingereza cha Kijapani: "Naisu boru!" Mpira mzuri. Yeye alilitumia kwa kila kitu. Nikiegesha gari bila kugonga pipa la taka, naisu boru. Zai akimaliza mboga, naisu boru. Siku niliyounguza chapati moshi ukajaa mpaka kwake, akachungulia, akatazama kikaango, akanitazama usoni, akasema taratibu, "Naisu boru," akatoweka haraka. Alijua kusoma uso.

Na alikuwa mtu wa ajabu kwa mambo mengine. Kafanya kazi ya besiboli maisha yake yote, lakini mchezo wenyewe hakuutazama. Ukiwashwa kwenye runinga anatoka nje. Alikuwa msafi kupita kiasi, ila glavu yake ya zamani, ile ya kazi, haikuruhusiwa kufutwa hata vumbi. Mpole kwa mtoto wa mtu yeyote, lakini binti yake mwenyewe akipiga simu kutoka Fort Worth walizungumza kama watu wa benki.

Sasa nieleze ile sauti.

Nilikuwa narudi kutoka kazini nimechoka ile ya mifupa, najilaza karibu na dirisha. Joto la Houston la mchana linatikisa kila kitu, uzio unacheza kama umechorwa kwenye maji, vinyunyizio vya nyasi vinasema tsss mtaa mzima. Na katikati ya hayo, pa. Pa. Pa. Nusu nimelala, nusu niko macho, ile glavu ilikuwa inageuka kinu. Nilikuwa namwona mama yangu uani anatwanga kisamvu, mchi unapanda, unashuka, kuku wanapita miguuni pake, naye haniangalii lakini anajua nipo. Mara nyingine alikuwa anatwanga kwenye nyasi za Missouri City, kajifunga kanga yake ya bluu, na maji ya vinyunyizio hayamlowanishi. Nikifumbua macho, najiuliza niko wapi, na kwa dakika nzima sipati jibu, wala silitaki.

Nilidhani ni mpira ndio unaolia. Akanifundisha kuwa siyo. Sauti haitoki kwenye mpira, inatengenezwa na mdakaji. Ukiudaka kwenye kiganja unakuwa bubu. Ukiudaka chini kidogo ya kidole cha shahada, pale kwenye mfuko wa ngozi, na ukausukuma mbele kidogo kama unampokea mgeni, unalia kama bunduki. Hata ukiwa mpira wa mtoto. "Mrushaji akisikia," alisema, "anaamini mkono wake." Kwao timu zinamweka mtu wa pembeni kwa hiyo sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote: kuwafanya vijana waamini mikono yao.

"Kwa hiyo ulikuwa unalipwa kudanganya," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. Hakutafuta neno zuri.

Mume wangu alinipa talaka kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Nyuma ya maneno yake nilisikia mtu anaagiza kuku. Alikuwa Haltom City, kule kule Fort Worth, kwa mwanamke mwingine, na kwa jinsi sauti yake ilivyotulia hakuwa hata amesimama kwenye foleni, alikuwa amekaa. Mimi nikauvunja ufagio. Halafu Zai akaingia kuuliza baba anakuja lini, na mimi, mwenye mdomo unaojulikana msikiti mzima, nikasema, "Jumamosi."

Jumamosi Zai akavaa viatu vyake vyeupe vya Idi, akakaa kwenye ngazi ya nyuma akisubiri. Alikuwa na miaka mitano. Jioni nikamwambia lori limeharibika, baba atakuja Jumamosi nyingine. Nikasema hivyo tena. Na tena. Miezi minane. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini. Nami namuuliza, wewe umewahi kumtazama mtoto aliyevaa viatu vyeupe? Kila Jumamosi asubuhi neno lilikuwa hapa kooni, na kila Jumamosi nililimeza, nikaenda kupiga pasi sare.

Kwenye uzio wetu palikuwa na ubao mmoja ulioanguka. Mdakaji akawa anakuja kuchutama kwenye lile pengo kila Jumamosi, bila kuitwa. Haulizi kitu. Anamrushia Zai mpira, Zai anamrudishia, mpira wa mtoto unaojikokota hewani kama kumbikumbi, ukifika kwake: pa! "Naisu boru!" Zai anageuka kunitafuta dirishani, macho yanawaka. Wakati mwingine niliona Mdakaji anaweka vidole katikati ya magoti, kimoja, au viwili, kama wadakaji wanavyompa mrushaji ishara. Nikaona mwanangu anatikisa kichwa kama mtu mkubwa. Nikamuuliza Zai maana yake.

"Viwili ni rusha juu," akasema.

"Na kimoja?"

Akatazama viatu. "Kimoja ni Mama amekasirika leo, rusha taratibu."

Nilihesabu vidole siku hiyo. Vilikuwa kimoja, kimoja, kimoja.

Siku tuliyogombana, alinisimulia kitu ambacho sikumuuliza. Kulikuwa na mrushaji kijana kule kwao, mtoto wa wakulima wa mpunga, mkono wa ajabu. Siku moja akiwa anapasha misuli, mpira wake wa kwanza ulipoingia kwenye glavu, Mdakaji akajua. Mpira ulikuja umechoka. Kiwiko kilikuwa kimekufa, na aliyejua duniani kote ni mtu mmoja, aliyechutama. Kocha alikuwa amesimama nyuma anataka kijana aingie. Mdakaji akawa anaidaka mipira pale chini ya kidole. Pa! Naisu boru! Mipira ishirini, yote ikalia. Kijana akaingia uwanjani anatabasamu. Mpira wa nne akaanguka kashika mkono, na hakurusha tena maishani. Mwaka mpya uliofuata, kwao watu huandikiana kadi, akamletea Mdakaji kadi yenye neno moja: Ulijua?

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwandikia habari za hali ya hewa," akasema. "Miaka ishirini na sita, kila mwaka, hali ya hewa."

Nikamwonea huruma. Kweli kabisa, nilinyoosha mkono nimguse bega. Ndipo akasema, akitazama ngazi yangu ya nyuma, "Mama Zai. Jumamosi yako ni glavu yangu."

Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia, "Mimi si mrushaji wako, na wewe si mke wangu, na mtoto si wako. Nenda kamwambie ukweli mwanao!" Akainama vile vile kama siku ya kwanza, nikauona utosi. Nikachukua nyundo ya mwenye nyumba, nikapigilia ule ubao misumari tisa. Misumari miwili ingetosha.

Miezi miwili sikumwamkia wala sikuitikia. Zai akawa anasubiri kwenye ngazi peke yake, bila mpira. Kisha siku moja saa tisa ikafika na hakukulia kitu. Wala kesho yake. Binti yake alikuwa amekuja na gari kumchukua akakae naye Fort Worth, mikono imezidi kuharibika. Ilinijia bahasha nene: glavu ndogo ya mtoto, imeshonwa kwa mkono, na anwani yake ya Fort Worth kwa herufi kubwa zilizopinda. Sikumshukuru. Usingizi wangu wa mchana ukawa usingizi tu. Mama hakuja tena kutwanga.

Mwezi uliopita nilijaza nguo za baba Zai kwenye mifuko meusi ya taka, nikampakia mtoto, nikaendesha kwa muda wa saa nne na nusu mpaka Haltom City. Ilikuwa Jumamosi, na Zai alikuwa kavaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimejiambia, nikimkabidhi mtoto mlangoni, basi yeye mwenyewe atasema. Ndivyo nilivyopanga, nilitaka aseme yeye. Zai alilala kabla hatujafika.

Baba yake akatoka kwenye geti, kanenepa. Akapokea mifuko. Akaniuliza, "Zai hajambo?"

"Yupo kwenye gari. Hatua tano hizo."

Akatazama kioo. "Kalala?"

"Kalala."

"Basi usimwamshe," akasema, akaingia ndani na mifuko yake.

Sikupiga kelele. Mimi! Niliingia garini, nikatafuta ile anwani. Ilikuwa dakika ishirini tu kutoka pale.

Mdakaji alikuwa uani, chini ya kivuli cha nyumba, kavaa kofia ya majani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mchana ulikuwa mweupe, hakuna upepo, hata mbwa wa jirani amekaa kama picha. Akainuka kwa kushika ukuta.

Nikamwahi. "Shikamoo, baba."

Akavua kofia. "Marahaba, Mama Zai." Kwa mara ya kwanza, kila neno mahali pake.

Mezani palikuwa na mfuko wa mchele wenye maandishi ya kwao. Akaona nautazama. "Nimemjibu yule," akasema. "Mwaka huu. Niliandika, Nilijua."

"Akasema nini?"

Akauonyesha mfuko kwa kile kidole kinachoelekea kwingine. "Hakuandika kitu. Alileta mchele wa shambani kwake."

"Amekusamehe?"

"Sijui," akasema. "Mchele ni mzuri."

Zai akashuka garini anajifikicha macho, kashika glavu yake na mpira. Alipomwona akapiga ukelele. Binti wa Mdakaji, aliyekuwa mlangoni, akasema daktari amekataza, mzee akajifanya hasikii. Akavaa glavu yake ya zamani, akateremka taratibu mpaka akachutama. Zai akarusha. Mpira ukaja unazurura hewani, na mzee akaupokea: pa! Ukuta wa jirani ukaurudisha mlio. "Naisu boru!" Nikaona jasho la maumivu limemtoka juu ya mdomo.

Kisha akaninyooshea mimi mpira.

Sijawahi kurusha kitu kwa mtu kwa ruhusa yake. Nilirusha. Nilirusha kuku aliyeagizwa, na mifuko meusi, na usimwamshe. Mpira ukaenda kama jiwe, akaudaka, na hakukutoka sauti. Kama mtu kaweka mkate mezani. Hakusema naisu boru. Akanirudishia. Nikarusha kwa nguvu zaidi. Kimya. Wa tatu, wa sita, wa kumi, pumzi zimeniisha, ushungi umeanguka begani, kimya.

"Mama," Zai akacheka, "wako hauna sauti!"

Nikamwuliza Mdakaji, "Unanifanyia makusudi?"

"Ndiyo," akasema. "Sauti nampa mzima anayeogopa. Mtoto ni mzima." Akaweka mpira kwenye nyasi. "Wewe mkono unauma."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa nalo jibu, mimi huwa nalo. Badala yake nilimwendea mwanangu, nikachutama mbele yake vile vile, visigino chini, ili macho yetu yalingane.

"Zai. Baba haji Jumamosi."

"Hii?"

"Hii wala nyingine. Ana nyumba yake nyingine. Lori halikuharibika, mimi nilikudanganya. Mimi nipo, siendi popote. Lakini yeye haji."

Akanitazama. Akamtazama Mdakaji, kama anatafuta vidole. Mzee alikuwa ameificha mikono yote miwili ndani ya glavu. Uso wa mwanangu ukakunjika, machozi mawili yakashuka, akayafuta kwa bega. Joto lilikuwa linacheza juu ya nyasi, na mahali fulani mtaani vinyunyizio vilianza tsss.

"Basi naweza kuvua viatu?" akauliza, kwa Kiswahili. "Vinanibana. Vilianza kunibana zamani."

Nikavifungua mimi mwenyewe. Visigino vilikuwa vyekundu, na kidole kikubwa kilikuwa kimelala juu ya mwenzake kwa kukosa nafasi. Nikavishika vile viguu vyote viwili mikononi, sikujua hata nivitazame mpaka lini. Nyuma yangu nikasikia ngumi inaigonga glavu mara mbili, taratibu, kama afanyavyo mdakaji akishakuwa tayari.